Mafundi wa Kompyuta Kisumu, Tuwekeeni Linux Pia

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Laptopu hazikuzimika, lakini masasisho ya usalama ya kila mwezi ndiyo yamekatika kwa asiyejiandikisha katika mpango wa nyongeza wa Microsoft. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ambayo laptopu nyingi za kabla ya 2018 hazina. Hapa Kisumu, ambako wengi wetu tunatumia mashine za mitumba kutoka ng'ambo, jambo hili linagusa mfuko. Fundi niliyemwendea aliniambia ninunue nyingine. Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, hakuitaja kabisa.

Mimi ni mwalimu. Laptopu yangu naitumia kutunga mitihani, kujumlisha alama na kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Nimejaribu Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, katika toleo lake jepesi liitwalo Xfce, na kilichonishangaza zaidi ni kwamba unaweza kuiendesha moja kwa moja kutoka kwenye flashi kabla ya kuamua lolote. Waifai ilishika, sauti ikatoka, video ikacheza, na diski haikuguswa. Ukiizima na kuchomoa flashi, unaikuta Windows yako na faili zako palepale. Watu wangeelezwa hili tu, hofu nyingi zingeisha.

Kuna mahali panasumbua. Mitihani niliyoandika zamani kwa Word ilifunguka vizuri katika LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia nyaraka, ila baadhi ya majedwali yalisogea na fonti zikabadilika. Kwa karatasi ya hisabati hilo si dogo. Siku hizi mtihani wa kuchapishwa naugeuza kuwa PDF kwanza, ndipo naupeleka saiba. Na kama kazi yako inategemea programu ya uhasibu iliyoundwa kwa Windows pekee, baki huko, sitakudanganya.

Lakini kizuizi kikubwa kwa mwananchi wa kawaida ni bando. Faili ya kusakinisha ina karibu gigabaiti 3, na masasisho yanafuata. Hapo ndipo fundi anahitajika. Yeye akiipakua mara moja, anaweza kuinakili kwa kila mteja, kwa sababu leseni za programu huria kama hizi zinaruhusu kunakili na kugawa. Atoze kazi yake, ni haki yake. Hilo ni bora mara nyingi kuliko kutuwekea Windows isiyo na leseni, iliyofunguliwa kwa viprogramu visivyojulikana vimetoka wapi, halafu mwezi ujao tunarudi na virusi.

Ombi langu kwenu mnaofanya kazi Kondele, Kibuye na katikati ya mji: wekeni mashine moja dukani yenye Mint, mteja aketi, afungue barua zake, aandike ukurasa mmoja, aone. Atakayefanya hivyo nitamletea walimu wenzangu, maana laptopu zao nazo zina umri kama wa yangu.