Babu Hakuzaliwa Tarehe Mosi Januari

Asubuhi ya tarehe 8 Januari nilikuwa jikoni nakaanga maandazi, redio iko juu ya kabati. Mtangazaji akaanza kwa furaha kubwa: leo ndiyo siku aliyozaliwa Elvis Presley, 1935. Leo hiyohiyo kazaliwa David Bowie, 1947. Na Shirley Bassey naye, 1937, binti wa Cardiff ambaye baba yake alikuwa Mnigeria. Saa nzima ikaenda hivyo, nyimbo kwa nyimbo, wasikilizaji wakipiga simu kueleza watu wa nyota ya Mbuzi wana nini hata wakawa waimbaji.

Siku nyingine ningekaa nikasikiliza mpaka mwisho. Mambo haya nayapenda tangu utotoni. Nilikuwa na daftari la kuandika wanamuziki waliozaliwa siku moja: Aretha Franklin na Elton John, wote 25 Machi, Prince na Tom Jones, wote 7 Juni, Diamond Platnumz na Sting, 2 Oktoba. Franco Luambo Makiadi, jabali la Kinshasa, alizaliwa 6 Julai 1938, na siku hiyohiyo ndiyo ya Bill Haley na ya 50 Cent. Nilikuwa nikiyasoma haya kama mtu anayefunua siri ya ukoo.

Lakini siku ile nilizima redio. Moyo ulikuwa bado na jeraha la wiki moja nyuma.

Tarehe 1 Januari watoto wa shangazi walimletea Babu keki. Kitambulisho chake kinasema kazaliwa 1 Januari 1950, na wajukuu wa siku hizi wanaamini kitambulisho. Mishumaa ikawashwa, wimbo ukaimbwa, simu zikainuliwa juu kupiga picha. Babu alikaa kwenye kiti chake cha barazani, akawaacha wamalize, kisha akasema taratibu: "Ahsanteni, wajukuu zangu. Keki nitakula. Ila siku hii si yangu. Hii ni siku ya karani."

Kila mtu alinyamaza. Mimi mtu mzima, nimekaa na mzee huyu maisha yangu yote, nikagundua kwamba sijawahi kumuuliza siku yake ni ipi.

Babu yangu alipiga gita la rithimu katika bendi moja ya Tanga miaka ya sabini. Jina lake hamtalikuta popote, kwa sababu wapiga rithimu hawatajwi; anatajwa mwimbaji, anatajwa mpiga solo. Mchana alikuwa kiwandani, usiku ukumbini. Alipokwenda kuandikishwa kazi akiwa kijana, karani alimtazama usoni, akakadiria mwaka, na penye siku na mwezi akajaza moja na moja. Hakuuliza. Karatasi ile ikazaa karatasi nyingine zote, na kwa tarehe ile ya kukadiriwa mwajiri akamstaafisha karibu miaka mitatu kabla ya wakati wake. Miaka mitatu ya mshahara. Hilo Babu hulisema bila kupandisha sauti, nami ndiye ninayepandisha.

Na hayuko peke yake. Tembeeni mitaa yetu, ombeni wazee wawaonyeshe vitambulisho. Tarehe mosi Januari, tarehe mosi Januari, tarehe mosi Januari. Ndugu zetu wakimbizi waliofika Marekani wanalijua jambo hili vizuri: kuna nyumba ambamo baba, mama na shangazi wote wana siku moja ya kuzaliwa, nayo ni Mwaka Mpya. Huko nako kalamu ilikosa siku ikaandika mosi.

Kwa hiyo niliposikia redio ikishangaa kwamba Elvis na Bowie wamezaliwa siku moja, nilitaka kumwambia mtangazaji kwamba jambo lenyewe si ajabu hata kidogo. Hesabu yake ni nyepesi: watu 23 wakikaa pamoja, uwezekano wa wawili kati yao kuwa na siku moja ya kuzaliwa unazidi nusu, maana ndani ya watu 23 mna jozi 253. Enzi za Babu, bendi mbili za dansi zikikutana ukumbini kwa mpambano, idadi hiyo ilikuwa imeshatimia hapo jukwaani. Tofauti ni kwamba hakuna ambaye angejua. Wawili wangeweza kusimama bega kwa bega, mmoja na tarumbeta, mmoja na tumba, waliozaliwa usiku mmoja, wakazikwa bila kujuana.

Naomba nikae hapa kidogo.

Chukueni Unguja, mwaka 1946. Tarehe 5 Septemba mwaka huo, mjini, anazaliwa mtoto wa kiume wa familia ya Kiparsi, Farrokh Bulsara, ambaye dunia itakuja kumwita Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Baba yake ni mtunza fedha wa serikali ya kikoloni. Siku yake inajulikana, na kila mwaka ikifika kuna watu duniani kote wanaoikumbuka. Katika kisiwa hichohicho, mwaka huohuo, yuko hai Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeanza kwa kufinyanga na kuuza vyungu, akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zilizolipeleka taarab la Kiswahili mbali kuliko lilivyowahi kufika. Na yuko Fatuma binti Baraka, Bi Kidude wetu, mtu mzima tayari, anapiga ngoma na kuimba.

Watu watatu, kisiwa kimoja, hewa moja ya karafuu. Wa kwanza tunajua siku. Siti tunaambiwa "karibu mwaka 1880." Bi Kidude mwenyewe alipoulizwa alikuwa akijibu kwamba alizaliwa zama za rupia. Alipofariki 17 Aprili 2013, magazeti hayakuafikiana hata kwa muongo: huku karibu miaka mia, kule mia na ushee. Siku aliyokufa tunayo. Ya Siti pia tunayo, 8 Julai 1950. Tumewapokea mlangoni wakati wa kutoka.

Kila santuri ya Siti ilipewa namba. Kampuni ilihitaji kujua sahani ipi ni ipi, ghala lipi, mzigo upi. Sauti iliyomo ndani ya sahani haikuandikiwa siku yake. Hili linaniuma, na sitajifanya haliniumi.

Kuna mtu katika grupu letu la wapenda zilipendwa alinijibu nilipoyaandika haya. Kasema: dada, umaskini ule, nani angekuwa na nafasi ya kuandika tarehe? Sikubaliani naye. Elvis alizaliwa katika nyumba ya vyumba viwili huko Tupelo, Mississippi, kwa wazazi maskini kabisa. Pamoja na umaskini huo tunajua kwamba alikuwa pacha, kwamba ndugu yake Jesse alitangulia kama dakika thelathini na tano, na kwamba alizaliwa amekufa. Dakika! Mtoto wa maskini kaandikiwa dakika. Palikuwa na mtu aliyeona kwamba inafaa kuandikwa.

Mwingine akaja na hoja ya pili, na hii ndiyo iliyonikasirisha zaidi: kwamba wazee wetu hawakujali siku za kuzaliwa, ni mambo ya Wazungu, keki na mishumaa. Keki sawa, nakubali, tumeipokea juzi. Lakini msiniambie wazee hawakuzijua siku. Juma ni nani? Hamisi ni nani? Mwanajuma, Mwanahamisi, Rajabu, Shaabani, Ramadhani? Mtoto alikuwa akibebeshwa siku yake au mwezi wake kama jina, aitwe nao mpaka kaburini. Siku ya saba akika. Siku ya arubaini anatolewa nje, mama anaoga, jirani wanaitwa. Unahesabuje arubaini bila kujua ya kwanza? Watu waliohesabu mpaka arubaini, wakahesabu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, kwa makumi ya siku, wakajua mwaka wa njaa na mwaka wa nzige na mwaka wa vita, leo tunawaambia hawakujali?

Mama hakusahau. Karani ndiye asiyeuliza. Na baada ya karani, sisi wenyewe hatukuuliza.

Nakiri kwamba majina hurithiwa, kwa hiyo Rajabu anaweza kuwa wa babu yake na si wa mwezi. Nakiri pia kwamba tarehe haiongezi utamu wa wimbo hata chembe. Nimeyakiri, tuendelee.

Kwa sababu ya kutojua siku za kuzaliwa, sisi wapenzi wa muziki wa Afrika tumezoea kuwaunganisha wanamuziki wetu kwa vifo. Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, alifariki Johannesburg 23 Januari 2018. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, 23 Januari 2019, Oliver Mtukudzi, mwimbaji wa Zimbabwe, akafariki Harare. Nakumbuka siku ile ya pili, watu wakitumiana ujumbe huku wanalia. Wale wawili siku zao za kuzaliwa zinajulikana, ni 4 Aprili na 22 Septemba, lakini ni nani anayezikumbuka? Kilichotushika ni siku ya msiba. Bowie alitoa albamu yake ya mwisho siku anatimiza miaka 69, 8 Januari 2016, akafa siku mbili baadaye. Aliweza kuipa siku yake kazi ya kufanya. Bi Kidude angeifanyia nini siku yake, angalipewa?

Basi ile jioni ya tarehe 8 nilikwenda kwa Babu na daftari. Nikamwambia, Babu, nieleze. Akaniuliza, "Nikueleze nini, mjukuu wangu?" Nikasema, siku yako.

Akaeleza kama mtu aliyekuwa akingoja. Mama yake alimwambia mara nyingi kwamba kazaliwa usiku wa Maulidi, kabla ya alfajiri. Barzanji, kisomo cha Maulidi, ilikuwa bado inasomwa msikitini, sauti zinafika mpaka chumbani, na mkunga akasema mtoto huyu kaja na matari. "Na mwaka?" nikauliza. Akasema mwaka ule ndio waliotangaziwa kwamba Mfalme George amekufa na sasa Uingereza ina Malkia.

Hayo tu. Ndiyo yote ambayo karani alitakiwa kuuliza, na jibu lingechukua muda mfupi kuliko kuchovya kalamu kwenye wino. Mfalme George wa Sita alikufa 6 Februari 1952. Maulidi ya mwaka huo ni moja tu, 12 Mfunguo Sita, mwaka 1372 wa Hijria. Nikafungua kalenda kwenye simu, nikalinganisha, nikahesabu tena kwa vidole. 30 Novemba 1952. Au siku moja mbele, au siku moja nyuma, kwa sababu ya mwandamo.

Nilikaa kimya na simu mkononi. Halafu, kwa kuwa mimi ni yuleyule wa daftari la utotoni, nikatafuta ana wenzake gani. Kama mwezi ulionekana siku moja kabla, Babu ni wa 29 Novemba, siku moja na Ali Kiba. Nilipomwambia alitabasamu, maana sauti ya kijana yule anaipenda, anasema ina adabu. Na kama ni 30 yenyewe, basi ndiyo siku aliyofariki Tabu Ley Rochereau, mwimbaji mkubwa wa Kongo, huko Brussels, mwaka 2013.

"Rochereau?" Babu akaweka kikombe chini.

Miaka yote ile ukumbini walikuwa wakipiga nyimbo za Rochereau kwa kuzisikiliza redioni, bila kujua Kilingala, wakishika maneno kwa sikio. Hakusema zaidi. Nikaona vidole vya mkono wake wa kushoto vinajikunja juu ya mkono wa kiti, vinatafuta nyuzi, vinabana, vinaachia. Alikaa hivyo mpaka adhana ya Isha.

Nilichana ukurasa, nikaandika kwa herufi kubwa: jina lake lote na la mama yake, usiku wa Maulidi, Mfunguo Sita, mwaka aliokufa Mfalme George, 30 Novemba 1952, rithimu. Akausoma kwa kuuweka mbali na macho. Akaniomba nisiuweke kabatini pamoja na vyeti. Tukaenda chumbani, akavuta sanduku la gita kutoka uvunguni, akaulaza ndani, kando ya nyuzi za zamani.

Kesho nakwenda kwa mzee wa tumba, mtaa wa pili. Kitambulisho chake nacho ni mosi Januari. Mkewe ameniambia mzee husema alizaliwa siku nzige walipoingia kwenye mahindi, na kwamba mwezi ulikuwa mchanga.