Mnazi Mmoja Ungetosha

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Majengo alinionyesha gemu aliyoitengeneza mwenyewe: mtoto anakimbia ufuoni akiokota nazi, nyuma yake Fort Jesus. Nilifurahi, wallahi. Nikamwomba aniwekee kwenye simu yangu.

"Ami, haitaingia. Ni giga moja na nusu."

Gemu ya kuokota nazi! Tukaifungua: minazi arubaini, kila mmoja na picha yake kubwa. Nikamwambia mnazi mmoja ungetosha, uugeuze, uubadilishe rangi. Akanijibu kuwa hayo ni ya zamani, mashine zilikuwa duni, watu walibana kwa kukosa budi.

Hapo aliniudhi. Walikosa budi, sawa. Lakini tazama walichokifanya.

Atari 2600, mashine ya gemu ya mwaka 1977, ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128. Si kilobaiti, baiti. Aya hii unayoisoma haienei humo. Mwaka 1982 David Crane akatoa Pitfall! kwa mashine hiyohiyo: msitu wa skrini 255, na kaseti nzima ni kilobaiti 4. Ramani ya msitu ule angeiweka wapi? Hakuiweka popote. Alishika namba moja tu, ya baiti moja. Biti zake, yaani zile sifuri na moja nane, ndizo zinazosema skrini hii ina shimo au mamba au magogo, na miti imesimama vipi. Ukivuka kulia, biti zinasogezwa kwa kanuni moja, inatoka namba mpya, na pamoja nayo skrini mpya. Ukirudi kushoto kanuni inapinduliwa, na shimo unalikuta palepale ulipoliacha. Msitu wote umo ndani ya hesabu! Siku nilipoielewa kanuni ile nilishindwa kulala. Nilichukua karatasi nikaisogeza namba kwa mkono, skrini baada ya skrini, hadi adhana ya alfajiri.

Super Mario Bros. ya 1985 ina kilobaiti 40, na mawingu yake na vichaka vyake ni picha ileile, rangi mbalimbali. Katika Space Invaders ya 1978 maadui wanazidi mbio kadiri wanavyopungua, kwa sababu prosesa, ubongo wa mashine, imepunguziwa mzigo wa kuwachora. Tomohiro Nishikado, aliyeitengeneza, akaiacha hivyo, na ndiyo raha yake.

Utotoni tulicheza kwa zamu nyumbani kwa ami yangu, kwenye mashine ya Nintendo, ile ya Mario. Maadui wakijaa, wengine walikuwa wakionekana na kupotea, nasi tukiipiga tivi makofi ubavuni. Maskini tivi, haikuwa na kosa. Mashine ile haikuweza kuchora zaidi ya vipande 8 vinavyotembea kwenye mstari mmoja wa skrini, kwa hivyo waliotengeneza gemu walivipa zamu: hiki sasa, kile baadaye. Kama sisi pale mkekani na pedi moja.

Haya, nakubali: rangi za kijana yule zapendeza kuliko zote hizo, na simtakii mtu kukesha akihesabu baiti. Lakini mtoto wa Mombasa atadharauje kubanwa? Muyaka, malenga wetu wa kale, alibanwa na vina na mizani 16 kwa mshororo, na humo humo maneno yake yakapata makali. Bao ni mashimo 32 na kete 64, na wazee wangali wanabishana hadi usiku.

Jumamosi hii nitakuwa palepale. Simu yangu imebaki na nafasi ya megabaiti 200, na nitaicheza ile ya nazi pindi itakapoingia.