Vipaji maalum: anayebaki shule ya kata ni nani?

Majina ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza yakitoka, wazazi wengi wa Tanzania huangalia kwanza shule saba: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato. Ni za serikali, huchukua wenye alama za juu, na tunaziita za vipaji maalum.

Faida ya shule hizi sitaibeza. Mtoto wa mkulima wa Kasulu analala bweni moja na mtoto wa karani wa Temeke, wanagombana kwa sababu ya ndoo, wanasoma prepo pamoja. Kwa msichana, bweni linamwondolea mwendo wa kilomita nyingi kila siku na kazi za nyumbani zinazomngoja jioni.

Kwenye ufaulu ndipo ninaposita. Mwaka 2014 watafiti Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha utafiti kuhusu shule za kitaifa za Kenya, ambazo nazo huchukua wenye alama za juu. Waliwalinganisha watoto waliozipata kwa tofauti ndogo ya alama na wale waliozikosa kwa tofauti ndogo vilevile, kisha wakatazama matokeo yao ya kidato cha nne. Hawakuona shule hizo zikiongeza alama kwa kiasi cha maana. Sifa kubwa ilitokana na uwezo ambao watoto waliingia nao. Kweli, Mkenya aliyekosa shule ya kitaifa aliweza kupata shule nyingine nzuri. Kwetu anaweza kuangukia shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia, kwa hiyo huenda tofauti hapa ni kubwa zaidi.

Lakini hiyo shule ya kata nayo imepoteza kitu. Shule hizi zilijengwa kwa wingi kuanzia 2004 kupitia MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na kila mwaka zinanyang'anywa yule mtoto ambaye mwalimu akishatoka, wenzake humzunguka awaeleweshe hesabu. Hasara hiyo haina safu kwenye matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA.

Halafu hilo neno kipaji. Kinachopimwa ni mtihani wa darasa la saba, basi. Anayefungua redio mbovu na kuirudisha hewani hana swali lake humo, ilhali aliyelipiwa tuisheni miaka mitatu anayo mengi. Marekani, shule walizoziita sumaku zilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa lengo la kuchanganya watoto weupe na weusi kwa hiari: shule inajikita kwenye muziki au sayansi ili kuwavuta wa mitaa mingine, na nyingi hugawa nafasi kwa bahati nasibu. Nazo zina lawama zake, ila angalau mvuto uko kwenye kinachofundishwa.

Mimi nisingezifunga. Ningebadili mlango. Tanzania Bara ina halmashauri 184; kila moja ikipeleka wavulana wawili na wasichana wawili waliofanya vizuri zaidi katika shule zake za msingi za serikali, hao ni 736, yaani wastani wa kama 105 kwa kila shule. Nafasi zitakazobaki zishindaniwe na wote, wa shule binafsi wakiwemo. Wapo watakaosema alama za kuingilia zitashuka. Zitashuka, na hapo ndipo tutajua walimu wa shule hizo saba wanafundisha kiasi gani.