Wenye maandishi ya Kitelugu, hamieni Yunikodi jamani

Nilisoma Hyderabad, India, miaka minne na kuna faili moja linaniuma hadi leo. Mzee wa rafiki yangu wa hosteli aliandika habari za ukoo wao kwa Kitelugu, lugha ya huko, kurasa kama sitini hivi, akachapiwa kwenye duka fulani la uchapaji, sasa sisi tunalifungua kwenye laptopu hakuna hata herufi moja ya Kitelugu, ni mkorogo tu wa herufi za Kilatini zenye vinukta na vikofia. Nikajua virusi. Kumbe faili zima kabisa!

Iko hivi, fonti za zamani zinachukua nafasi ya herufi ya Kilatini zinachora umbo la Kitelugu humo, yaani macho yako yanaona Kitelugu ila kompyuta inajua ni Kilatini, ukikosa ile fonti umekwisha. Na kila moja imepangwa kivyake, Anu kivyake, Shree-Lipi kivyake. Yunikodi, ule mpango wa kimataifa wa kuipa kila herufi namba yake, imekitengea Kitelugu nafasi zake 128, kuanzia namba 0C00 mpaka 0C7F, kwa hiyo క ni క kwenye simu yoyote. Ukitaka క్ష unaandika క, unaweka alama ya kuua irabu, unaandika ష, kuziunganisha ni kazi ya fonti.

Wachapaji nawaelewa kwa kweli. PageMaker, programu ya kupanga kurasa waliyoizoea, haikuweza kuunganisha hivyo, vidole vimeshakariri, na enzi za Windows XP fonti za Yunikodi ulikuwa na Gautami na nyingine za kuhesabu, utapambaje kadi ya harusi? Ila siku hizi kuna Ramabhadra, Mandali, zote za bure. Wengine wanataja 2018 ile herufi జ్ఞా ilivyokuwa inaangusha programu kwenye iPhone, lakini lile kosa lilikuwa la mfumo wa simu na Apple walilirekebisha Februari hiyohiyo.

Lugha ya watu zaidi ya milioni 80 halafu maandishi yake hayatafutiki! Hiyo siikubali.

Lile faili tulilipitisha kwenye programu ya kugeuza kwenda Yunikodi, vile viherufi vya chini wanavyoita vattu vikatoka vimehama, majina ya watu ndo yaliharibika zaidi. Rafiki yangu akawa kila jioni anampigia mzee wake simu, anamsomea mstari kwa mstari, mzee anasema hapana huyo ni bibi yako, andika hivi.