Nyuroni ya Sweta

Wiki sita niliuatamia ubongo wa panya kama kuku. Nilichomeka punje ya DiI, rangi inayowaka ya kuonyeshea nyuroni, yaani seli za neva, punje ndogo kuliko chembe ya chumvi, kwenye kipande kilichohifadhiwa kwa fomalini, nikakifungia kwenye kabati la joto la nyuzi 37. DiI haina haraka na mtu. Hupenda mafuta, basi hujipenyeza kwenye utando wa seli na kutambaa humo hadi mkia wote wa nyuroni upakike. Milimita chache tu, wiki kadhaa! Konokono angeona aibu.

Siku ikafika. Nikazima taa, nikawasha mwanga wa kijani wa hadubini, nikainama. Lahaula! Uzi mrefu, mnene, unawaka rangi ya chungwa, umekatiza kipande kizima. Sijaona kitabu chenye nyuroni inayopita pale. Pembeni palikuwa na vijiuzi vyembamba, vimefifia, nikavipuuza. Nani ahangaike na dagaa akishapata papa?

Nikatoka mbio, hata taa ya hadubini sikuizima. Nikawaita wa chumba cha pili, nikamwita na fundi wa majokofu aliyekuwa akipita. Profesa alikuwa kwenye simu. Nikamsubiri mlangoni huku nikiitafutia nyuroni jina. Nilikuwa nimeshachagua langu.

Profesa akatazama, kimya. Akaweka kichujio cha kuonea buluu tu: uzi unawaka. Cha kuonea kijani tu: unawaka. Sasa, mwanga wa DiI hukaa karibu na nanomita 565, mbali na buluu, kwa hiyo kwenye buluu tulipaswa kuona giza. Kinachowaka kwenye kila rangi namna ile mara nyingi ni uzi wa nguo, na ukishafuliwa kwa sabuni ya unga yenye king'arisho, buluu yake huumiza macho.

Wote wakageukia sweta yangu nyeupe. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimefumuka.

"Na vile vyembamba vya pembeni, Profesa?" nikauliza kwa sauti ya mgonjwa.

Akarudisha mwanga wa kijani. Giza. Vile ndivyo vilivyokuwa nyuroni zenyewe, na mwanga niliouacha umewaka dakika ishirini ulikuwa umeifubaza rangi yote pale chini ya lenzi.

Fundi wa majokofu akaguna, akaondoka na spana zake.

"Pole, mwanangu," Profesa akasema, akinipisha kiti. "Hii yako hufuliwa kwa maji ya moto au ya baridi?"