Miamba ya Dodoma: Tuchimbe Tu, au Tupime Kwanza?

Dodoma si ajabu kukuta visima viwili virefu kwenye eneo moja, kimoja kinajaza tangi na kingine kimetoa vumbi tupu. Watu husema ni bahati. Sababu yenyewe ni mwamba. Sehemu kubwa ya nchi yetu ya kati imekaa juu ya granaiti na miamba mingine ya kale sana, ambayo ikiwa mizima karibu haipitishi maji kabisa. Maji hukaa kwenye tabaka la juu lililolika likawa kama changarawe, na chini yake hupita kwenye nyufa. Mtambo ukikutana na ufa wenye maji, umepata kisima. Ukipishana nao kwa mita chache tu, mwenye eneo kalipia shimo.

Jiji nalo halisubiri. Sensa ya 2012 ilihesabu watu takriban 411,000. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Kila mtaa mpya unadai maji, na hapo ndipo hoja mbili zinapogongana: tuchimbe haraka, au tujue kwanza maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi.

Wanaosema tuchimbe wana hoja nzito. Anayetoka nyumbani alfajiri na madumu hana muda wa kusubiri ripoti. Fedha za kisima cha uchunguzi, yaani shimo la kupimia tu ambalo halitatoa hata ndoo moja, zingetosha kuchimba kingine cha kunywa. Tena pampu ya mkono inataka maji kidogo. Ufa mwembamba unaitosheleza kwa miaka mingi. Kwa kijiji cha Bahi au Chamwino kinachohitaji pampu ya aina hiyo, naungana nao: vipimo vya kawaida vya kutafuta mahali pa kuchimba, upimaji mfupi wa wingi wa maji, usalama wa maji uthibitishwe maabara, hasa madini ya floridi, kisha watu wachote.

Tunaachana pale inapofungwa pampu ya umeme, tangi likajengwa na mabomba yakasambazwa mtaa mzima kwa kutegemea shimo moja.

Tazama upimaji wenyewe unavyokwenda. Pampu inashushwa, maji yanavutwa mfululizo. Fundi anashusha waya unaolia ncha yake ikigusa maji, anaandika kina kila dakika mwanzoni, baadaye kila dakika tano, kumi, nusu saa. Kwenye mwamba wenye nyufa, kina kinaweza kutulia kwa saa nyingi na kila aliyepo akaridhika. Kisha maji yanashuka chini ya ufa mkuu, na kina kinaporomoka mita kadhaa kwa muda mfupi. Upimaji ukisimamishwa kabla ya hapo, karatasi itaonyesha kisima kizuri. Kilichopimwa, kwa kweli, ni akiba iliyokuwa karibu na shimo. Yale yanayotiririka kutoka mbali hayajaulizwa.

Nyufa zenyewe hazilingani. Kwa hesabu ya ufa laini, upana ukiongezeka mara mbili, maji yanayopita huongezeka mara nane kwa msukumo uleule. Ndiyo maana kisima chenye kina cha mita 100 kinaweza kutegemea ufa mmoja au miwili tu, na kisima cha jirani kutoa maji hakukuhakikishii kwamba chako nacho kitatoa.

Kuujua ufa unaotoa maji si lazima kuwe na mitambo ya gharama kubwa. Ipo njia ya chumvi: maji ndani ya kisima yanatiwa chumvi kidogo ya mezani, kisha kipimo cha chumvi kinashushwa mita kwa mita, mara kwa mara. Pale chumvi inapopungua haraka, hapo maji mapya yanaingia. Ukiwa na visima vingine karibu, vuta kimoja na upime vyote. Mara nyingine kisima cha mbali kinashuka na cha karibu kinatulia, maana cha mbali kipo kwenye mstari mmoja wa nyufa na kile kinachovutwa. Taarifa hiyo ni muhimu hata kwa mambo ya vyoo. Mchanga huchuja, ufa wazi hauchuji vizuri, na uchafu wa shimo la choo unaweza kufika kisimani upesi kutoka upande ambao hakuna aliyeutilia shaka.

Hata hivyo, wapimaji nao wasituahidi makubwa. Upimaji wa siku tatu baada ya mwaka wa mvua nzuri hausemi lolote kuhusu mwaka wa ukame. Bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, linalolilisha jiji kwa visima vya Mzakwe, linaonyesha hilo vizuri. Utafiti uliochapishwa 2013, uliotumia kumbukumbu za kina cha maji za miaka 55, ulionyesha kwamba bonde hilo halijazwi kila masika. Linajazwa kwa vipindi, hasa misimu ya mvua kubwa kupita kiasi kama ile ya El Niño ya 1997/98, na kati ya vipindi hivyo kina hushuka mwaka hadi mwaka. Hakuna upimaji wa mara moja, hata uwe wa kitaalamu namna gani, ambao ungegundua jambo hilo. Limegunduliwa na watu waliokuwa wakiandika kina kwenye daftari kwa miongo.

Kwa hiyo ningependa fedha ziende kwanza kwenye upimaji mrefu na ufuatiliaji wa aina hiyo. Kila mradi wa pampu ya umeme upimwe kwa siku kadhaa mfululizo, ikiwezekana mwishoni mwa kiangazi, na shimo moja lililokosa maji ya kutosha libaki wazi, lifungwe mfuniko, ligeuzwe kisima cha ufuatiliaji badala ya kufukiwa. Gharama yake ni mfuniko, waya na mtu wa kupima kila mwezi. Kinachobaki kubishaniwa ni nani amlipe mtu huyo: wenye mradi, ambao wanapandisha bei ya ndoo ili wamudu, au ofisi ya bonde, yaani ile ya serikali inayosimamia maji ya bonde zima la mto, ambayo ndiyo inayotoa vibali vya kuvuta maji na inayohitaji takwimu hizo kuliko mtu mwingine yeyote. Mimi naona ni ofisi ya bonde, na takwimu ziwe wazi kwa yeyote anayetaka kuchimba jirani.