Miaka 85 Si Sababu ya Kumnyima Mzee Goti Jipya

Mzee wa miaka 85 mwenye kisukari na presha akiulizia goti bandia, huambiwa apumzike na dawa za maumivu. Sikubaliani kabisa. Diklofenaki ikimezwa kila siku inachubua tumbo, inapandisha presha na kuumiza figo ambazo kisukari kimeshazichosha. Kumwacha alivyo nako ni hatari.

Kinachoamua ni maandalizi, na yaanze miezi miwili au mitatu kabla. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari, madaktari wengi hawapendi ipite asilimia 8 hivi. Sukari ikiwa juu kidonda hakifungi vizuri na vijidudu hupata mwanya. Vikifika kwenye chuma cha goti bandia hujenga utando ambao dawa haziupenyi vizuri, na mara nyingi goti lote hung'olewa na kazi kuanza upya. Kwa mzee huyu, upasuaji wa pili ndio wa kuogopwa. Kwa hiyo jino bovu na kidonda cha mguu vitibiwe kwanza, na asichomwe sindano ya steroidi gotini ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji. Damu ikiwa pungufu, chanzo kitafutwe mapema. Moyo nao upimwe. Taasisi ya Mifupa (MOI) na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete zote zipo Muhimbili, Dar es Salaam, hakuna sababu ya kuruka hatua hiyo.

Ganzi ya mgongoni humfaa mzee wa namna hii mara nyingi, ingawa saruji ya mfupa, ile inayoshikilia goti bandia, inapokandamizwa presha inaweza kushuka ghafla.

Baada ya upasuaji asimamishwe siku hiyohiyo au kesho yake, kwa woka (fremu ya kutembelea), ili damu isigande miguuni. Akianza kuweweseka usiku, tafadhali msikimbilie kusema karogwa. Mwambieni muuguzi: huenda mkojo umeziba, kuna maambukizi, au dawa ya maumivu imemzidi. Mvalisheni miwani yake, akae na mtu anayemfahamu.

Nyumbani je? Ghorofa ya tatu Kariakoo isiyo na lifti, choo cha kuchuchumaa: wekeni kiti cha choo na vishikizo kabla hajalazwa. Swala atasali kitini.

Wapo wa kuambiwa hapana: moyo uliofeli usiotulia, mguu usiopitisha damu, au aliyelala kitandani kwa kiharusi, ambaye goti jipya halitamnyanyua.